Ng'ombe wa Mzee Magesa na Wageni wa Ndani ya Seli

Kijana uliyepangiwa kufundisha baiolojia huko Bunda au Butiama, nakuomba kitu kimoja kabla hujafunga begi lako: usiende ukiwa unaogopa ng'ombe. Mimi nilikwenda nikiwaogopa, na nilichekwa mpaka na watoto wa chekechea. Nimezaliwa Majita, kwenye nyumba ya wavuvi. Ukiniwekea samaki furu mezani nakuambia kama ni wa leo au wa jana bila hata kumgusa. Ng'ombe, kwangu, alikuwa mnyama mwenye pembe upande mmoja na teke upande wa pili, na sikuona sababu ya kusogelea upande wowote.

Sasa nimestaafu, nimerudi Musoma, magoti yananisumbua na wajukuu wananisumbua zaidi. Walimu vijana hunipigia simu. Wengi huniuliza mada ileile: asili ya seli changamano, yaani zile seli kubwa zenye kiini na vyumba vyumba ndani, tulizo nazo sisi, ng'ombe, mihogo na uyoga. Wanasema, "Madam, hii mada haiingii. Tunawaambia wanafunzi kwamba mitokondria zamani ilikuwa bakteria, wanatucheka." Nawaambia, wacheni wacheke. Wanasayansi wenyewe walilicheka wazo hilo lilipoletwa mara ya kwanza, na baadaye wakaacha kucheka mmoja mmoja. Lakini jinsi ya kulifundisha hilo sikuipata kitabuni. Niliipata kwa ng'ombe mgonjwa karibu na Nyamuswa, na kwa msichana mmoja aliyeitwa Wegesa.

Kwanza nikutajie aliyenifundisha kufundisha. Mwalimu Masatu alikuwa mkuu wa idara ya sayansi kwenye shule ya kata niliyopelekwa, mtu mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku yangu ya kwanza alikaa nyuma ya darasa akanisikiliza nikiandika ubaoni majina ya sehemu za seli, nikiyapigia mstari kwa chaki ya rangi. Nilijiona nimeweza. Tulipotoka akaniambia, "Madam, umeandikaga vizuri sana. Ila umewapa majina ya watu ambao hawajawaona. Anza na kitu. Jina litakuja lenyewe likitafuta pa kukaa."

Yeye ndiye aliyenionyesha kubandua ngozi nyembamba ya kitunguu, kuidondoshea tone la ayodini, na kuifunika bila kuingiza mapovu, kwa sababu mwanafunzi akiona povu atalichora na kuliita kiini. Ndiye aliyenifundisha kutumia hadubini ya kioo shuleni kwetu kusikokuwa na umeme: unaigeuza ielekee anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kamwe si jua lenyewe. Mimi niliielekeza kwenye jua, kwa kiherehere, kabla hajamaliza kusema. Nashukuru niliwahi kukwepesha jicho, ila nilishinda siku hiyo nikipepesa kama mtu aliyekata vitunguu vya harusi nzima. Usijaribu. Jicho halina duka la vipuri.

Basi nikaendelea hivyo miaka mingi, na nikawa mwalimu mzuri, nasema bila aibu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sote tulilifundisha kwa upande mmoja, na hilo ni bakteria. Tuliwafundisha kama majambazi. Kipindupindu kinaletwa na nani? Bakteria. Kifua kikuu? Bakteria. Nilikuwa na wimbo kabisa, darasa zima linaitikia: "Adui!" Kitabuni palikuwa na mistari michache kuhusu bakteria wenye faida, lakini mistari hiyo haina kelele, na mwanafunzi hukumbuka penye kelele.

Wegesa alikuwa kidato cha tatu. Msichana mrefu, mkimya, mwenye mwandiko wa kubana kama anayeogopa daftari litaisha. Wimbo wangu aliuimba kwa nguvu kuliko wote.

Asubuhi moja alikuja shuleni, akakaa, hakufungua daftari. Nilipomsogelea nikaona macho yamevimba. Nikamtoa nje, tukasimama nyuma ya maabara penye pipa la maji.

"Madam," akasema, "nimemuua ng'ombe wa watu."

"Amekufa?"

"Bado. Ila hali majani, hacheui, amesimama tu. Baba anadhani ni ndigana ya kupe. Si ndigana. Ni mimi."

Ili uelewe alichokuwa anakililia, inabidi nikueleze habari ya kuwekesha, maana kama umetoka mbali hutaijua. Mtu mwenye ng'ombe wengi huku haweki wote zizi moja. Huwapeleka wengine kwa rafiki yake kijiji kingine. Yule rafiki anachunga, anakamua, maziwa anakunywa na watoto wake, samadi anaweka shambani. Ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe, na alama ya mwenyewe iko sikioni, lakini maisha yake yote yako kwa yule mwingine. Ugonjwa ukija kijiji cha Buswahili, wale wa Nyamuswa wamepona. Wezi wakija Nyamuswa, wale wa Buswahili wapo. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Na ng'ombe akifa mikononi mwako hupeleki maneno matupu kwa mwenyewe, unapeleka ngozi, ili aone sikio lake.

Baba yake Wegesa, mzee Nyamburi, alikuwa na ng'ombe wake zamani. Waliibiwa wote kwa mkupuo mmoja, kabla Wegesa hajazaliwa, na zizi likabaki na mbu tu. Mzee Magesa wa Buswahili, rafiki yake wa ujanani, ndiye aliyemletea mtamba mmoja ili nyumba isikauke maziwa. Yule mtamba alizaa, na yule aliyezaliwa akazaa pia. Ng'ombe huyu aliyekuwa mgonjwa alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, amezaliwa palepale, ana ndama jike anayenyonya, na ndiye aliyekuwa akiwapa maziwa ya uji mapacha wadogo wa mama yake Wegesa. Akifa, ngozi inakwenda Buswahili. Na mtu akishapokea ngozi ya ng'ombe aliyeuliwa na dawa ya mtoto wako, ataleta mwingine kwa moyo gani? Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya Wegesa, na baada ya kuisikia ikawa yangu.

"Umemfanya nini?" nikamuuliza.

Kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja. Akakumbuka darasa langu. Uvimbe, usaha, bakteria, adui. Nyumbani kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, vya kuua bakteria, vilivyobaki wakati kaka yake alipougua. Akavifungua vyote, akakoroga ule unga kwenye chupa ya maji, akamshika ng'ombe mdomo juu akamnywesha. Kiwele kikapungua kidogo, akafurahi. Akatafuta vingine kwa jirani, akamnywesha tena. Ndipo ng'ombe akaacha kula.

Hakuna siku nimewahi kusikia wimbo wangu ukiimbwa vibaya kama siku ile.

Nikampigia simu Chacha, afisa mifugo wa kata. Chacha alikuwa mtu wa matani, lakini nilipomweleza akaniuliza kwanza amenyweshwa mara ngapi. Halafu akasema, "Madam, huyo msichana wako ameua watu wengi sana, ila ng'ombe bado hajafa. Mwambie baba yake asimpe kitu chochote tena mdomoni. Mimi naenda machinjioni Bunda."

Sikuelewa machinjioni kuna nini. Nikafikiri anakwenda kuuliza bei ya kumchinja mapema, nikachukia.

Jioni nikafuatana na Wegesa kwao kwa miguu. Mzee Nyamburi alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya zizi, amemkodolea ng'ombe macho. Wegesa akaenda akapiga magoti mbele yake, akamwambia kila kitu, hakuficha hata vidonge vya jirani. Nilisimama pembeni nimeshika pochi yangu kama ngao. Mzee aligeuza macho kwa ng'ombe tena. Kisha akasema, "Nimeshampigiaga Magesa simu tangu jana. Ng'ombe wa mtu akiugua, mwenyewe anaambiwa. Atakuja Jumamosi." Akamwangalia binti yake. "Na hayo uliyonieleza mimi, utamweleza na yeye."

"Ndiyo, baba."

Chacha akafika na bodaboda, dumu limefungwa nyuma na kuzungushiwa blanketi kama mtoto. Ndani mlikuwa na maji ya kijani yenye harufu iliyonifanya nirudi nyuma hatua kadhaa. Alikuwa amesubiri ng'ombe mzima achinjwe, akachukua majani ya tumbo lake kubwa yangali ya moto, akakamua maji yake kwenye kitambaa.

"Mzee," akamwambia Nyamburi, "ng'ombe hameng'enyagi majani peke yake. Hana uwezo huo. Tumboni mwake wamo wadogo wadogo mamilioni, wao ndio wanaovunja majani, yeye anaishi kwa kazi yao. Dawa ikipita mdomoni inawaua. Kiwele kingetibiwa kwa dawa ya kiwele, au sindano. Sasa tumbo ni zizi tupu. Tunamrudishia mifugo yake."

Mzee Nyamburi akatikisa kichwa. "Kumbe! Wazee wetu walikuwaga wanachukua cheu kwa ng'ombe mzima wanampaka mgonjwa mdomoni. Nilidhani ni kumpa hamu tu."

"Ndiyo hiyohiyo," Chacha akasema. "Mimi nimeleta dumu zima."

Wakamnywesha taratibu kwa chupa, kichwa kimeinuliwa kidogo tu, si sana, maana akinyweshwa kichwa juu kabisa maji huingia kwenye mapafu na umemuua kwa njia nyingine. Chukua hilo pia, utalihitaji. Mimi nilipewa kazi ya kushika mkia. Kwa mara ya kwanza maishani nilimshika ng'ombe, na sikufa.

Kabla hatujaondoka nilimwomba Chacha anijazie chupa ya chai kwa kile kilichobaki. Chupa ile haikurudi kwenye chai tena. Asubuhi na mapema nikaiweka kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, maana wale viumbe wakipoa wanalala na kufa, nikaita kidato cha tatu, nikaelekeza kioo kwenye ukuta wa chokaa, nikaweka tone. Wa kwanza kuangalia nilimweka Wegesa.

Aliinama. Akakaa hapo. Wenzake wakaanza kusukumana, "Na sisi!" Hakusogea.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Wanaogelea," akasema polepole. "Madam, wako hai. Wana vinywele pembeni, wanakimbia. Kumbe ndio hawa?"

"Hao ni wale wakubwa. Bakteria ni wadogo zaidi, hadubini yetu haiwafikii vizuri."

Akainua uso, umejaa machozi na kicheko pamoja. "Na mimi nikawanywesha sumu."

Nikatupa mpango wa somo wa siku ile. Nikawaambia kitu nilichokuwa nakisoma tu bila kukisikia: kwamba wengi wa hao waogeleaji, ukiwapasua, ndani yao wamo vijidudu wengine wadogo zaidi wanaoishi humohumo, wakila hewa ambayo mwenyeji wao anaitoa kama taka. Ng'ombe ana wageni, na wageni wana wageni. Mvulana mmoja akasema, "Madam, sasa mwenye nyumba ni nani?" Nikamwambia kaa na swali hilo, ndilo somo la leo.

Nikachora zizi ubaoni. Nikasema, zamani sana, kabla ya mnyama na mmea wowote, kulikuwa na viumbe vya seli moja tu, vidogo, kila kimoja kikijitafutia. Kimoja cha ukoo wa arkea, vijiumbe vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria, kikakutana na bakteria aliyejua kutumia oksijeni kupata nguvu nyingi. Labda kilimmeza kisimmeng'enye. Labda walianza kwa kukaa karibu karibu, huyu akila taka za yule, mpaka wakakumbatiana. Wataalamu bado wanabishana, na wabishane, ndiyo kazi yao. Lililo wazi ni kwamba yule bakteria alibaki ndani akiwa hai. Mwenyeji akampa ulinzi na chakula. Yeye akatoa nguvu, kama maziwa yanayobaki kwa anayechunga. Wakazaliana pamoja, kizazi juu ya kizazi. Huyo ndiye mitokondria.

"Tunajuaje?" akauliza Wegesa. Ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

"Mzee Magesa anajuaje ng'ombe wake katika zizi la baba yako?"

"Sikio."

Nikawaonyesha sikio la mitokondria. Ina vinasaba vyake yenyewe, vimekaa mviringo kama vya bakteria, si kama vile vya kwenye kiini. Ina mitambo yake ya kutengeneza protini, ya mtindo wa bakteria. Inagawanyika yenyewe, seli haiwezi kuiunda upya kutoka hewani, ukiipoteza, umeipoteza. Hata baadhi ya dawa za kuua bakteria zikizidi huweza kuisumbua, kwa kuwa bado zinamtambua mtu wa ukoo ule. Na mimea ina mgeni wa pili, kloroplasti, wa ukoo wa bakteria wa kijani-bluu wanaojipikia kwa jua, naye ana alama yake. Wangeendelea kupigana wote, nikawaambia, leo kusingekuwa na ng'ombe, wala majani, wala wa kuuliza.

"Sasa akitaka kurudi kwao?" yule mvulana akauliza.

"Hawezi. Sehemu kubwa ya vinasaba vyake ameshavihamishia kwenye kiini cha mwenyeji. Hajui tena kuishi nje. Na mwenyeji naye hawezi kuishi bila yeye."

Kengele ilipigwa, hakuna aliyeinuka. Miaka yote ya chaki za rangi sikuwahi kuipata siku kama ile.

Wimbo wa adui niliufuta. Siku hizi Wegesa ana duka la dawa za mifugo pale Bunda mjini, na wateja wananilalamikia mimi kwamba anauliza maswali kuliko daktari: mnyama anaumwa nini, nani kamwona, amekula lini. Mmoja aliniambia, "Nimekwendaga kununua dawa, nimetoka na somo." Nikamwambia ni vizuri, na sijui kwa nini hakufurahi.

Lakini nimewahi mbele. Turudi Jumamosi.

Nilikwenda kwao asubuhi, sikualikwa, nilishindwa kukaa nyumbani. Ng'ombe alikuwa amelala chini ya kivuli cha ukuta wa zizi. Nikamwangalia taya. Lilikuwa linakwenda upande, linarudi, linakwenda upande, linarudi. Alikuwa anacheua. Mama yake Wegesa alikuwa amekaa mlangoni na pacha mmoja kila paja, anatabasamu peke yake. Nami niliyewaogopa ng'ombe maisha yangu yote, nilitaka kumkumbatia yule.

Mzee Magesa akaja na fimbo na koti zito juani. Alisalimia wote, akapewa kiti, hakukaa. Wegesa akapiga magoti akamwamkia, "Shikamoo, baba," kisha akamweleza kama alivyomweleza baba yake, neno kwa neno. Mzee Magesa alisikiliza huku akimtazama ng'ombe.

Alipomaliza, mzee Nyamburi akasema, "Nimeshindwa kulinda mali yako, Magesa. Ukitaka kumchukua, kamba ile pale. Sina neno."

Mzee Magesa akaichukua kamba. Wegesa alifunga macho. Yule mzee akaingia zizini, akamzunguka ng'ombe, akamgusa kiwele, akamshika sikio la kulia lenye mkato wake.

"Bibi yake ndiye niliyemletaga hapa," akasema. "Huyu hajawahi kuiona Buswahili. Nikimpeleka atakuwa mgeni kwangu." Akaitundika kamba mahali pake. "Nyamburi, huyu ni wangu kwa sikio tu. Kwa mengine yote ni wa hapa."

Kisha akaomba kisu.

Mzee Nyamburi akamletea. Magesa akamshika yule ndama jike aliyekuwa bado hajawekwa alama, akamkata mkato wake sikio la kulia, haraka, ndama hakuwahi kulia. Akageuza kisu akampa rafiki yake mpini.

"Sikio hili lingine weka alama ya kwako."

"Ya kwangu?" Nyamburi akasema. "Mimi sina ng'ombe. Ya kwangu iliondoka na wezi."

"Umeisahau?"

Mzee Nyamburi akakipokea kisu. Alipiga goti kando ya ndama, akalishika sikio la kushoto kwa vidole viwili, na kisu hakikusita mahali popote. Mikato miwili midogo, na mmoja chini yake. Wegesa, ambaye hakuwahi kuiona alama ya baba yake tangu azaliwe, alisogea akainama karibu, kama alivyoinama juu ya hadubini.

Ndama akatikisa masikio yote mawili, akakimbilia kwa mama yake kunyonya.